Mtoto Hawezi Hesabu, au Hajaweza?

Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati itakuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari pevu, kuanzia kundi la kwanza la Gredi ya 10 mwaka wa 2026. Mpango wa awali uliwaruhusu wanafunzi wasiochukua mkondo wa sayansi kuliacha somo hilo. Sasa watakaochagua mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kwa wengi kama STEM, watasoma hisabati ya kina. Wenzao wa mikondo ya Sayansi ya Jamii na ya Sanaa na Michezo watasoma hisabati nyepesi kidogo, lakini nao watasoma.

Kwa familia ya Kawangware, Kangemi au Riruta, tangazo hilo lina maana moja ya wazi. Mtoto anayerudi nyumbani akiwa Gredi ya 4 na kusema, "Mimi hesabu siwezi," hana tena mahali pa kulikwepa somo hilo. Ataketi nalo darasani kwa miaka minane zaidi, hadi Gredi ya 12. Anaweza kuipitisha miaka hiyo kwa hofu, au anaweza kusaidiwa mapema akaanza kuelewa.

Hofu hiyo si jambo dogo. Kwa miaka mingi wastani wa hisabati katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, umekuwa chini ya alama 30 kwa 100. Wazazi wengi wa leo walipitia hali hiyo wenyewe, na bila kukusudia huwarithisha watoto wao imani kwamba hesabu ni ya wachache waliozaliwa nayo. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo haina msingi, yale ambayo utafiti umeonyesha, na mambo ambayo mzazi na mwalimu wanaweza kuyafanya kuanzia muhula huu.

Neno moja, maana mbili

Kiswahili kinatofautisha vizuri mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Ukiulizwa kama mgeni amefika, hujibu "hafiki". Unajibu "hajafika", na kila anayesikia anajua kwamba mgeni bado anatarajiwa. Vivyo hivyo, "hawezi" hufunga mlango, ilhali "hajaweza" husema kwamba kazi bado inaendelea.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi ya Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliyeieleza kwa umma katika kitabu chake Mindset cha mwaka wa 2006. Kwa maelezo yake, kuna watu wanaoamini kwamba uwezo wa akili ni kitu kisichobadilika: umepewa au umenyimwa. Huo unaweza kuitwa mtazamo mgando. Wengine huamini kwamba uwezo hukua kwa mazoezi, kwa mbinu nzuri na kwa msaada wa wengine. Huo ni mtazamo wa kukua.

Tofauti hujitokeza mtoto anapokosea. Mwenye mtazamo mgando huona kosa kama ushahidi kwamba hana akili, kwa hivyo huficha daftari, hunakili jibu la jirani au huacha kujaribu. Mwenye mtazamo wa kukua huliona kosa kama habari: hapa pana kitu ambacho sijakielewa.

Mwaka wa 1998, Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo, kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliposifiwa kwa akili, watoto walivunjika moyo haraka na kufanya vibaya zaidi katika duru iliyofuata. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Sifa ambayo wazazi wengi huitoa kwa nia njema, "wewe una akili sana," iliwafanya watoto waogope kuipoteza.

Utafiti unasema nini, na hausemi nini

Itakuwa kosa kudhani kwamba kubandika bango lenye maneno mazuri ukutani kutapandisha alama. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Nature uliwahusisha zaidi ya wanafunzi 12,000 wa Gredi ya 9 nchini Marekani. Walipewa masomo mafupi kwenye kompyuta, yasiyozidi saa moja kwa jumla, kuhusu namna ubongo unavyokua kwa kufanya kazi ngumu. Alama za wanafunzi waliokuwa nyuma zilipanda, ila kwa kiasi kidogo. Mwaka huohuo, jaribio kubwa katika shule za msingi nchini Uingereza halikuona maendeleo yoyote ya ziada.

Kwa nini tofauti hiyo? Uchambuzi mwingine wa data ya Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2022, unatoa sehemu ya jibu. Alama za hisabati zilipanda katika madarasa ambayo mwalimu mwenyewe aliamini kwamba wanafunzi wake wanaweza kukua. Pale ambapo mwalimu hakuamini hivyo, somo la kompyuta halikusaidia kitu. Mtoto anaweza kufundishwa kuwa na matumaini, lakini akirudi katika darasa ambalo kosa huchekwa na mkono unaoinuliwa kwa wasiwasi hupuuzwa, matumaini hayo hayadumu.

Kwa maneno mengine, "hajaweza" ni ahadi ya mtu mzima kabla ya kuwa ya mtoto. Anayesema "hajaweza" kila muhula bila kutafuta mahali mtoto alipokwama anambembeleza tu.

Nairobi imekuwa na mbinu yake

Wakazi wa magharibi mwa jiji huenda wamepita mara nyingi karibu na taasisi ambayo imeshughulikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Kituo cha Elimu ya Hisabati, Sayansi na Teknolojia Barani Afrika, CEMASTEA, kiko mtaani Karen. Mizizi yake ni mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka wa 1998 na serikali ya Kenya kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ili kuinua ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili.

Mradi huo ulianza kwa kuuliza kwa nini wanafunzi walikuwa wakianguka. Miongoni mwa sababu zilizojitokeza ni mtazamo hasi, wa wanafunzi na wa walimu wenyewe, pamoja na ufundishaji ambao mwalimu huzungumza na kuandika ubaoni huku wanafunzi wakinakili. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza wa mafunzo ya walimu ulihusu kubadili mtazamo, kabla ya kuingia katika mada zenyewe.

Walimu hawakuhimizwa tu wawe na moyo. Walipewa utaratibu. Somo lijengwe juu ya shughuli ambayo mwanafunzi anaifanya kwa mikono yake; mwanafunzi awe katikati ya somo; pawe na majaribio; na vifaa vikikosekana, mwalimu abuni kwa vitu vilivyopo. Kisha mwalimu hufuata hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Baada ya somo, hutazama ni nani hakuelewa na ni wapi, halafu hulirekebisha kabla ya kulifundisha tena. Mara nyingine walimu kadhaa huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha huku wengine wakitazama, kisha wakalijadili.

Hatua hizo nne zina mafunzo makubwa. Mwalimu mwenyewe hukubali kwamba somo lake la leo linaweza kuboreshwa kesho. Mtoto anayefundishwa na mtu wa namna hiyo huona kwa macho yake kwamba kukosea na kurekebisha ni sehemu ya kazi ya kila mtu.

Nchini Kenya kuna mfano unaojulikana duniani. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, Njoro, Kaunti ya Nakuru, alitunukiwa Global Teacher Prize ya mwaka wa 2019, tuzo ya dola milioni 1. Shule yake ya kutwa ilikuwa na kompyuta moja tu. Kazi iliyompa sifa ni pamoja na masomo ya ziada ambayo yeye na wenzake waliwapa wanafunzi waliokuwa nyuma, nje ya saa za darasa na wikendi. Wanafunzi hao hawakuachwa kwa sababu walikuwa nyuma. Waliongezewa muda.

Kosa la nusu na robo

Ili kuelewa mambo haya kwa vitendo, tazama swali ambalo mtoto wa Gredi ya 5 anaweza kulipata. Mama amenunua nusu gorogoro ya maharagwe na robo gorogoro ya ndengu. Amenunua kiasi gani kwa jumla?

Mtoto anaandika: 1/2 + 1/4 = 2/6. Amejumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini.

Mwalimu au mzazi mwenye haraka ataweka alama ya kosa na kumpa jibu sahihi. Mtoto atalinakili, na wiki ijayo atarudia yaleyale. Lakini kosa hili lina mantiki. Mtoto amechukua kanuni anayoijua, ya kujumlisha namba nzima, akaitumia mahali ambapo haifanyi kazi. Hajakosa akili. Hajaona tu kwamba sehemu ni namba za aina nyingine.

Swali moja linaweza kumfungua macho: 2/6 ni sawa na theluthi moja, je, theluthi ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu? Mtoto akichora duara na kuligawa, ataona kwamba theluthi ni ndogo. Basi mama alikuwa na nusu tayari, akaongeza robo, akabaki na kiasi kidogo kuliko alichoanza nacho? Mtoto mwenyewe atasema haiwezekani.

Sasa kopo liletwe. Nusu gorogoro ni sawa na robo mbili. Robo mbili ukiongeza robo moja unapata robo tatu. Jibu ni 3/4, na kwa kuwa gorogoro moja ya nafaka huwa na kilo 2 hivi, mama amebeba karibu kilo moja na nusu. Mtoto hatasahau upesi, kwa sababu amegundua kosa mwenyewe na ana njia ya kujikagua siku nyingine: jibu langu lina maana?

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ili mtoto asirudie kosa, lazima kwanza aelewe lilitoka wapi.

Nairobi yote ni darasa la mifano kama hii. Chukua matatu ya abiria 14 inayotoka katikati ya jiji kuelekea Kangemi. Ikiwa nauli ni shilingi 50 na matatu imejaa, makanga anatarajia shilingi 700. Wanne wakilipa shilingi 30 kwa sababu wanashukia njiani, atapata ngapi? Mtoto mmoja atahesabu 10 mara 50, kisha 4 mara 30, na kupata 500 na 120, jumla 620. Mwingine atasema kila mmoja wa wale wanne amepunguza shilingi 20, hivyo 700 toa 80 ni 620. Wote wako sahihi. Mzazi akiuliza "umepataje?" hata pale jibu lilipo sahihi, mtoto hujifunza kwamba hesabu ina njia zaidi ya moja, na kwamba kufikiri kwake kuna thamani.

Kusoma ripoti ya muhula

Ripoti za shule chini ya mtaala wa umilisi hazitumii tena A, B au C. Hutumia viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio. Wazazi wengi huvitafsiri kimoyomoyo kuwa alama za zamani, na mtoto aliyeandikiwa "kukaribia matarajio" hupokewa nyumbani kama aliyeanguka.

Neno "kukaribia" linafaa kusomwa kama lilivyo. Mtoto yuko njiani, na kuna kitu mahususi kinachomzuia kufika. Kazi ya mzazi ni kuuliza ni kitu gani.

Mtihani wa mwisho wa sekondari msingi, KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, huchangia asilimia 60 ya matokeo yanayotumiwa kumpanga mwanafunzi katika sekondari pevu. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, na asilimia 20 katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba kungoja Gredi ya 9 ndipo mtoto atafutiwe msaada ni kuchelewa. Maana yake pia ni kwamba muhula mmoja mbaya haujafunga hesabu yote.

Msingi huanza chekechea

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ratiba yake ya Nne, ilikabidhi kaunti jukumu la elimu ya chekechea, huku shule za msingi na za upili zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo hatua za kwanza kabisa za mtoto katika hesabu, PP1 na PP2, hupigwa katika madarasa yaliyo chini ya kaunti.

Katika umri huo mtoto hahitaji kukariri hadi 100 kwa wimbo huku hajui 7 ni vitu vingapi. Anahitaji kuhesabu vifuniko vya chupa, maharagwe na vijiti. Kuvigawa, kuvipanga na kuvilinganisha. Kiswahili humsaidia hapa. "Kumi na moja", "kumi na mbili" na "kumi na tatu" zinamweleza mtoto kwa sikio kwamba kila namba ni kumi pamoja na kitu kingine. Mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kuifanya kazi hii jioni akichambua mchele, na ataifanya vizuri.

Mtoto mwenye njaa hafikiri vizuri. Mpango wa Dishi na Kaunti, uliozinduliwa mwaka wa 2023 na ambao mzazi huuchangia shilingi 5 kwa mlo, una uhusiano na hisabati kuliko inavyodhaniwa.

Mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya

Kuacha kusema mbele ya mtoto, "Hata mimi hesabu ilinishinda, amenifuata." Mtoto huchukua maneno hayo kama hukumu.

Kusifu kazi mahususi. "Umejaribu njia mbili hadi ukapata" humfundisha mtoto cha kurudia kesho. "Wewe ni jiniasi" haimfundishi kitu.

Kutosifu bidii isiyozaa matunda. Mtoto akitumia saa nzima kwa njia isiyofaa, anahitaji njia nyingine, si makofi. Aulizwe ni nani anaweza kumsaidia: mwalimu, dada, mwenzake.

Kutokimbilia kutoa jibu. Kungoja dakika moja kimya wakati mtoto anafikiri ni msaada mkubwa.

Kurudi nyuma bila aibu. Mtoto wa Gredi ya 7 anayeshindwa na aljebra huenda hakuelewa kugawanya akiwa Gredi ya 4. Kurudia kugawanya kwa wiki mbili kutamfaa kuliko kukaripiwa mwaka mzima.

Kumpatia mahali pa kusomea. Kwa familia zenye chumba kimoja, maktaba za umma za kaunti ni rasilimali: McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 katika Banda Street katikati ya jiji, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ni vyema kuthibitisha saa za huduma kabla ya kwenda.

Dhihaka darasani ni kinyume cha sheria

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinakataza adhabu ya kudhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Mtoto anayesimamishwa mbele ya darasa ili achekwe kwa kukosea anaumizwa, na pia anafundishwa kutoinua mkono tena.

Marehemu Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Fields, tuzo kuu ya hisabati duniani, mwaka wa 2014, alisimulia kwamba akiwa mwanafunzi mdogo wa sekondari alifanya vibaya katika hisabati, na mwalimu wake hakuona kipaji chochote kwake. Mwaka uliofuata alipata mwalimu aliyemtia moyo, na mambo yakabadilika. Watoto wengi hawatafika alikofika yeye, na si lazima wafike. Inatosha kwamba asiwepo mtoto wa Kangemi au wa Waithaka anayeacha ndoto ya uuguzi, ufundi umeme au uhasibu kwa sababu ya neno aliloambiwa akiwa na miaka 9.

Maswali matatu ya kumuuliza mwalimu

Katika mkutano ujao wa wazazi, mzazi anashauriwa asiulize tu mtoto amepata ngapi au amekuwa wa ngapi. Maswali haya yatamfaa zaidi:

1. Ni mada gani hasa ya hisabati ambayo mtoto wangu hajaielewa?
2. Je, kuna kitu cha gredi za chini ambacho kinamzuia, na tunaweza kukirudia vipi?
3. Nikiwa nyumbani na dakika 15 kila jioni, nifanye naye nini?

Mzazi asiyepata majibu, au ambaye mtoto wake anadhihakiwa au kuchapwa, anaweza kumwendea mwalimu mkuu, kisha halmashauri ya usimamizi wa shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.   Kwa watoto wa chekechea za umma, malalamiko na mapendekezo hupelekwa kwa idara ya elimu ya kaunti.